Bomba Lililopita Kyamurungi Bila Kusimama

Rench ya kwanza niliyokabidhiwa na serikali niliitumia kuharibu mali ya serikali. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kazini, mjini Bukoba, na nilitumwa kwenda kufunga vali kubwa chini ya tangi. Nikafika, nikazungusha, ikagoma. Nikaona nisidharauliwe na kipande cha chuma siku za mwanzo namna hii. Nikatia miguu ukutani, nikavuta kwa nguvu zote nilizokuja nazo kutoka kwetu Izimbya, mpaka shina la vali likakatika na kubaki mkononi mwangu. Kumbe vali ilikuwa imefungwa tangu asubuhi. Nilikuwa nafunga kilichofungwa.

Mzee Ladislaus, fundi mkuu wetu, alikuja akanikuta nimeshika kile chuma kama mtu aliyemng'oa mwenziwe jino lisilo bovu.

"Umeshinda, bwana," akasema. "Vali imekubali. Sasa ibebe uende nayo kwenu, ukawaonyeshe kwamba umepata kazi."

Upande ule wa mji ulikosa maji mpaka tulipopata vali nyingine. Uhuru ulikuwa mchanga, na akina mama sokoni wakaanza kusema Wazungu wameondoka na maji yao. Nilidhani Mzee Ladislaus atacheka. Hakucheka. Alinituma sokoni, peke yangu, nikasimame kati ya mafungu ya ndizi niwaambie kwamba Wazungu hawahusiki, aliyevunja ni mimi. Nilisema. Mama mmoja muuza dagaa akanitazama juu mpaka chini, akauliza, "Na huyu naye ni serikali?" Nikasema ndiyo, kidogo. Wakaniachia niende, na mmoja akanipa ndizi mbivu, nadhani kwa huruma ya jinsi nilivyokonda.

Nawaandikia ninyi vijana mliobaki idara ya maji, mnaonitania kwamba nimestaafu kabla sijachoka. Vyeo sitavisema, maana havikuwa vingi. Mshahara nao mnaujua, bado mnaupokea. Nitasema kuhusu bomba moja.

Kwanza vifaa. Mzee Ladislaus alikuwa na sanduku la mbao lenye rench mbili, msumeno wa chuma, dai ya kukatia uzi, yaani yale meno ya ncha ya bomba, kopo la rangi na bunda la katani. Hakukuwa na hizi tepu nyeupe mnazozungusha leo huku mnaongea na wasichana. Katani ilitaka utulivu. Unaipaka rangi, unaizungusha upande uleule ambao soketi, kile kiungo cha mabomba mawili, itafungia, nyuzi zikae kwenye meno ya bomba bila kupandana. Ukizungusha kinyume, kiungo kitashika siku ya majaribio, kisha kitavuja siku mgeni wa heshima akija. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na mgeni wa heshima aliliona kwa viatu vyake.

Mzee alinifundisha pia kusikiliza bomba. Unaweka ncha ya rench kwenye chuma na ncha nyingine mfupani nyuma ya sikio. Maji yanayokwenda yana mlio wake, na yanayovuja yana mlio mwingine, kama mtu anayenong'ona kanisani. Watoto walikuwa wakinifuata wakidhani nampigia simu mtu wa Mwanza.

Kosa langu kubwa kama mtumishi ni kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Nikilala mahali ambapo sisikii majani ya migomba yakigusa bati, sipati usingizi. Kila barua ya uhamisho ilinikuta na homa. Waliponipeleka Rubafu nilikwenda na mto wangu wa kulalia, sufuria yangu, na mche wa mgomba kutoka kwa mama yangu. Dereva wa lori la idara aliuliza kama nimehamishwa au nimeolewa.

Nilikaa Rubafu miaka michache. Shida yangu kubwa huko ilikuwa mzee aliyelima kabichi chini ya kiungo kinachovuja. Kila nilipokiziba, kilifumuka tena baada ya siku chache, na kabichi zikanenepa. Nilipomuuliza aliniambia kwa upole, "Fundi, mimi sikati kitu. Namwomba Mungu tu, naye anajibu." Nikahamisha kiungo mbele kidogo, mpaka kwenye shamba la katekista. Maombi yakakoma.

Kisha nikapelekwa Muleba, upande wa Nshamba. Ndio wakati wa ujamaa umepamba moto, mkoa bado unaitwa Ziwa Magharibi, na kila mkutano unaanza na kumalizika kwa wimbo. Kulikuwa na chemchemi nzuri juu kwenye mlima, na chini, kwenye rweya, yaani ile nyika yetu ya majani isiyofaa migomba, kulikuwa kumeanzishwa kijiji kipya cha ujamaa. Kati ya chemchemi na kijiji kipya kulikuwa na Kyamurungi: vibanja vya zamani, migomba na mibuni imeshikana, watu wamezaliwa hapo na kuzikwa hapo. Mabomba yangeshuka kutoka chemchemini, yapite Kyamurungi, yaende kijiji kipya.

Mkubwa mmoja kutoka wilayani, ambaye sitamtaja na hata mkinipa pombe sitamtaja, alikuja Kyamurungi kuwahutubia. Alisimama mbele ya ghala la kahawa. "Ndugu wananchi," akasema, "serikali italeta mabomba. Ninyi leteni mikono. Chimbeni mtaro kutoka mlimani mpaka rweya, na koki ya kwanza itakuwa hapa ninaposimama." Akapiga chini kwa kiatu. Watu wakapiga makofi, na mjumbe wa nyumba kumi, mjane aitwaye Ma Georgia, akachukua kijiti akakichomeka palepale kiatu kilipogonga. Alikuwa mama mfupi, mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, mwenye sauti ya kuita mtu aliye kibanja cha tatu.

Wakachimba. Kazi iligawanywa kwa vipande, kila nyumba kipande chake. Nami nilikuwa nikipita na kijiti cha kupimia kina, nikijifanya mhandisi. Siku moja nikakuta wamepanda milamula kandokando ya mtaro. Mulamula ni ule mti wa majani marefu tunaoutumia kuonyesha mpaka wa kibanja. Unakata tawi, unalichomeka, linashika hata kama hulitazami. Na mtu wa kwetu akishauona, haung'oi. Anayeng'oa mulamula wa jirani huitwa kwa wazee, na hata watoto wake hutajiwa jambo hilo siku ya posa.

Nikacheka sana. "Ninyi watu mnagawana mtaro kama urithi wa baba?"

Deo, kijana aliyekuwa ameoa mwaka huohuo, akanyanyua kichwa kutoka shimoni, udongo mpaka kwenye nyusi. "Fundi, kipande changu kinaanzia pale na kuishia hapa. Nisipoweka alama, huyu jirani atachimba kwangu nami nitachimba kwake, tutakosana bure."

"Si mtafukia tu?"

"Tutafukia. Lakini kitakuwa kimefukiwa kikiwa changu."

Ndivyo walivyo watu wetu. Hata shimo la serikali lazima liwe na mwenyewe. Mtaro ulipofika rweya ulikuwa na safu mbili za milamula zinazoteremka mlimani kama watu waliopanga mstari wa komunyo.

Mabomba yakaja, tukayalaza. Tulipofika mbele ya ghala la kahawa, pale penye kijiti cha Ma Georgia, nikatoa tii, kile kiungo cha njia tatu, niifunge. Ndipo msimamizi aliponiletea agizo: tii isiwekwe. Huduma ni kwa waliohamia kijiji kipya. Kyamurungi wakitaka maji, wahamie rweya.

Nilimwita Ma Georgia nikamwambia hivyohivyo, na soketi ya moja kwa moja ikiwa mkononi. Sikupenda aione kwanza kwenye bomba.

Aliitazama. "Kwa hiyo yatapita?"

"Yatapita, Mama."

"Chini ya miguu yetu?"

"Ndiyo."

Babu mmoja aliyekuwa ameegemea jembe akasema, "Hata mgeni wa bahati mbaya hukaribishwa akatafuna punje mbili za kahawa. Haya maji yanapita mlangoni bila hata kutuamkia." Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi.

Chemchemi ya zamani ya Kyamurungi ilikuwa bondeni, na njia ya kurudi ilikuwa inapanda. Mtu anayefikiri koki ni jambo dogo hajapanda mlima ule na ndoo kichwani asubuhi ya mvua, udongo mwekundu ukiteleza kama mlenda. Mke wa Deo, Koku, alikuwa mjamzito. Ma Georgia alikuwa amevunjika mkono mwaka uliotangulia kwenye njia ileile. Hilo ndilo lililokuwa linagombewa. Siasa ilikuja juu yake baadaye.

Jioni moja, majuma kadhaa baadaye, wakakusanyika uani kwa Ma Georgia. Mimi nilikuwapo kwa sababu nilikuwa nimepanga chumba karibu, na kwa sababu alikuwa amepika matoke na maharage.

"Tukate," akasema Deo. "Bomba likikatwa watakuja mbio. Serikali haisikii mpaka iguswe."

"Na ukishakata?" akauliza Ma Georgia.

"Watauliza kwa nini."

"Watauliza ni nani. Hiyo kwa nini hawatakuwa na haja nayo tena."

"Mama, mmeshakwenda tarafani. Mlijibiwa nini?"

"Tuhamie."

"Mkaenda tena."

"Tuhamie."

"Basi utakwenda mpaka lini?"

"Mpaka yule aliyepiga kiatu chini aje kusimama palepale anijibu mwenyewe. Aliahidi kwenye mkutano, atajibu kwenye mkutano. Mimi ni mjumbe, nina haki ya kumwita. Nitamwita mpaka achoke."

"Wewe utachoka kwanza."

"Mimi?" akasema Ma Georgia. "Nimelea watoto wa kiume sita."

Deo akanigeukia. "Na wewe Fundi, unasemaje?"

Nikasema maharage ni mazuri. Msinilaumu. Nilikuwa na mdomo umejaa, na barua ya ajira kabatini.

Ma Georgia alimwita yule mkubwa mara nyingi, kwa katibu tarafa, kwa diwani, kwa kila aliyekuwa na kofia ya chama. Mara ya mwisho jibu lilikuwa atakuja baada ya ufunguzi wa koki ya kijiji kipya. Akaanza kuandaa watu: nani atasema nini, nani asiseme kabisa kwa sababu ya ulimi wake. Maji yalikuwa yameshafika rweya, na kabla ya sherehe ya ufunguzi alikuwa amebakiza majuma machache tu.

Jumapili moja, saa ya misa, wakatoliki wakiwa kanisani na walutheri kwao, maji yakaruka Kyamurungi. Nilikuwa nyumbani, nimevua viatu, naangalia senene wakikaangwa. Nilifuatwa. Nilikuta bomba limekatwa kwa msumeno, safi kabisa, kama nilivyowafundisha mwenyewe vijana walionisaidia wakati wa kulaza. Lilikatwa kati ya milamula miwili. Nikaitazama ile miti, nikajua ni kipande cha nani. Kila mtu aliyefika alijua.

Deo alikuwa amekaa kando juu ya jiwe, na shati lake la Jumapili.

"Wewe kijana," nikamwambia kwa sauti ndogo, "kama ni lazima ukate, kwa nini ukakata kwako?"

Akanishangaa. "Ulitaka nikate kwa mtu? Si ningekuwa mwizi?"

Huyo ndiye aliyekuwa mhalifu wetu. Aliogopa kuvuka mpaka wa jirani akaenda kuvuka wa serikali.

Chini rweya maji yakakatika. Kule kulikuwa na watoto pia, na zahanati ndogo iliyokuwa imefunguliwa, na nusu ya waliohamia walikuwa shemeji na wajomba wa watu wa Kyamurungi. Shangazi yake Koku alipanda mlima akiwa na ndoo tupu, akaja akaiweka mlangoni kwa Deo, akarudi rweya. Na kutoka wilayani neno lilifika upesi, kwa mara ya kwanza lilifika upesi: Kyamurungi kuna wahujumu. Mpaka mhujumu apatikane, hakuna mkutano, hakuna swali la koki, na polisi watachukua wanaume nyumba kwa nyumba.

Ma Georgia alikuja nilipokuwa nakata uzi wa bomba jipya. Deo alikuwa ananishikia. Mama hakukaa.

"Deo, mwana wange. Walikuwa wanatafuta sababu ya kutonijibu. Umewapa."

Deo akaendelea kushika bomba.

"Ukinyamaza, watachukua wanaume wote, na koki hiyo hata wajukuu wako hawataiona. Ukienda mwenyewe ukasema, hawatakuwa na mtu wa kutafuta. Itabidi wanitazame mimi."

"Watanifunga, Mama."

"Watakufunga."

"Koku anajifungua mwezi ujao."

"Najua. Mimi ndiye nitakayemzalisha."

Deo aligeukia kwangu. Safari hii sikuwa na maharage mdomoni. Nikamwambia ninachokiamini mpaka leo, kwamba aliyevunja anasema ni yeye, hata kama alivunja kwa sababu nzuri, na hasa kama alivunja kwa sababu nzuri. La sivyo inageuka kuwa uharibifu tu, na mwenye sababu mbaya atajificha humohumo. Nikamweleza kuhusu vali na sokoni. Alisema, "Lakini wewe walikupa ndizi."

Kesho yake walikwenda Nshamba kwa miguu, Deo na Ma Georgia, mama amebeba kikapu cha chakula cha Deo kana kwamba anampeleka shule ya bweni. Deo akaingia kituo cha polisi, akasema ni yeye. Wakamweka ndani.

Kyamurungi nzima ikaja kunisaidia kulirudisha bomba. Ma Georgia alitaka lirudi kabla mkubwa hajafika, na lirudishwe na mikono ya Kyamurungi mchana kweupe. Sikuwahi kuwa na vibarua wengi namna ile kwa kiungo kimoja. Watu wawili walinishikia katani. Maji yakateremka tena rweya, na babu yule akayasindikiza kwa macho, akasema, "Nendeni salama, wageni."

Sasa wilayani hawakuwa na pa kujificha. Mhujumu amepatikana, bomba limepona, na mjumbe bado anaomba mkutano. Yule mkubwa akaja. Nadhani alikuja kuwakemea. Watu walijaa kuliko siku ya ahadi, wa Kyamurungi, wa rweya, hata wa Nshamba waliofunga maduka.

Akakemea kwanza, kwa haki. Ma Georgia akangoja mpaka amalize, akasimama, akamwita waitu, neno letu la heshima.

"Ndugu Kiongozi, waitu, asante kwa kutukanya. Kijana wetu amekosa, amekiri, yuko mikononi mwenu. Bomba tumelirudisha. Hilo limekwisha?"

"Limekwisha."

"Basi nina swali moja. Uliposimama hapo ulisema tuchimbe mtaro na koki ya kwanza itakuwa hapo. Tulichimba. Koki iko wapi?"

Akajibu kwamba taarifa aliyonayo inaonyesha mtaro ulichimbwa na wanakijiji wa kijiji kipya, kwa moyo wao wa ujamaa, na kwamba waliokataa kuhama hawawezi kudai matunda ya kazi ya wenzao. Watu wa rweya wenyewe wakatazamana. Kijana mmoja akaanza kupiga kelele, na Ma Georgia akamnyamazisha kwa kidole.

"Waitu, wewe ni mtoto wa kwetu?"

"Ni wa hapahapa Bukoba, Mama."

"Basi nakuomba utembee na mimi kidogo. Si mbali."

Akamwongoza mpaka kwenye mtaro uliofukiwa. Milamula ilikuwa imeshika, imetoa majani, inateremka mlimani jozi kwa jozi. Alipunga mkono tu, na watu wa Kyamurungi wakaondoka mkutanoni bila kelele, kila nyumba ikaenda kusimama kati ya milamula yake, wazee, wake, watoto, mstari mzima. Hapakuwa na mtu wa rweya aliyekwenda kusimama popote, na hawakutaka kwenda.

Yule mkubwa akatembea akiwapita. Nilikuwa nyuma yake na rench yangu, maana hakuna aliyeniambia niende wapi. Nilimwona akipunguza mwendo. Mtoto wa kwetu haambiwi maana ya mulamula. Akafika mahali aliposimama mwanamke mmoja peke yake, mwenye tumbo kubwa, na kati ya miti yake udongo ulikuwa mbichi.

"Na hapa ni kwa nani?" akauliza.

"Kwa mhujumu wako, waitu," akasema Koku.

Akanigeukia, na mimi nikadhani nafukuzwa kazi.

"Fundi, una tii?"

"Ninayo, Ndugu Kiongozi. Ninayo tangu siku ile."

"Ifunge pale nilipoahidi." Na kwa watu akasema kwa sauti, na kwa hili nilimheshimu, "Niliahidi. Taarifa niliyopewa haikuwa kweli, nami sikuja kuangalia."

Niliifunga jioni ileile, katani nikiizungusha kama naandaa zawadi ya harusi. Koku ndiye aliyechota ndoo ya kwanza.

Deo alifikishwa mahakama ya mwanzo. Hakimu alimuuliza kama anakubali kosa. Akasema, "Nakubali kukata, mheshimiwa, lakini nilikata kipande changu." Chumba kizima kikacheka, na hakimu akainama kutafuta kitu chini ya meza mpaka uso wake uliporudi kuwa wa hakimu. Akamweleza taratibu kwamba shimo lilikuwa lake lakini chuma ni cha umma, na watoto wa rweya waliolala na kiu hawakuwa na mulamula popote pale. Akampa kifungo cha miezi kadhaa. Deo alitumikia miezi yake yote Bukoba, na mtoto wake alizaliwa, akaogeshwa maji ya koki, baba hayupo.

Niliendelea na kazi miaka mingi baada ya hapo. Nimefunga koki nyingine, nimeziba zilizovuja, nimelala vijiji visivyo na migomba na kulalamika kila asubuhi. Lakini mkiniuliza ninyi vijana kazi ilinifundisha nini juu ya serikali na watu wake, nitawaeleza kwa bomba lile. Serikali hudaiwa na mtu aliyetimiza lake, anayesimama mchana, kwa jina lake, mahali ahadi ilipotolewa, na asiyetoka hapo. Anayekata bomba huwapa wakubwa kisingizio, na huwanyima maji wasiohusika. Nanyi mlio watumishi, agizo likibadilika mwambieni mwananchi uso kwa uso kabla halijafukiwa, na msingoje chakula kiishe mdomoni kama mimi. Hayo nayaamini bila wasiwasi. Nimeyasema kwenye mikutano ya kijiji, na watu wameitikia kwa vichwa.

Nilipostaafu nilijenga Kyamurungi. Mke wangu ni wa huku, na mimi ni mvivu wa kuzoea mahali papya. Deo ni jirani yangu, mzee sasa kama mimi, mwenye wajukuu na maumivu ya mgongo. Ma Georgia tulimzika zamani, na mazishi yake yalikuwa na watu wengi na maji ya kutosha.

Juzi nilimwita Deo nikamsomea haya yote, nikiwa nimejiandaa kusifiwa, hasa kwa ile sehemu ya serikali kudaiwa na anayesimama mchana. Alisikiliza mpaka mwisho huku akitafuna kahawa. Akatema ganda, akajifuta mdomo, akasema:

"Umeandika vizuri, Fundi, na Ma Georgia alikuwa na haki, na mimi nilikosa. Lakini ule mkutano wako ulijaa kwa sababu watu walitaka kuona mahali nilipokata."